Tefilini za Jirani na Misahafu ya Kabatini

Wanaofuatilia kurasa hizi wamenizoea nikiandika juu ya nasaba, barua za kale na picha za harusi zilizopigwa Malindi na Mkunazini. Leo nitaanzia nyumbani kwa jirani yangu wa Kiyahudi hapa Birmingham. Atakayedhani nimepotea njia na anivumilie kidogo, kwani nitarudi kwetu, na huko kwetu ndiko kwenye maneno yenyewe.

Jirani huyu amenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi. Tumekaa ukuta kwa ukuta muda mrefu, na heshima baina yetu ni ile ya watu wazima: yeye huniletea tufaha za mti wake wa uani, nami humpelekea boksi la maembe ya Pakistani kutoka Stratford Road msimu wake unapowadia. Majira ya baridi yaliyopita alinibishia hodi, mkononi ana mfuko mdogo wa mahameli ya buluu uliochakaa pembeni, akaniomba nimpeleke kwa gari hadi Salford, jirani na Manchester. Macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Ndani ya mfuko zilikuwamo tefilini za marehemu baba yake, aliyetoka nazo Vienna mwaka 1938 angali kijana. Tangu mzee yule afariki zilikuwa katika droo ya chumbani. Jirani mwenyewe anazo zake, binti yake hazitumii, na mjukuu wake alishanunuliwa zake. "Nataka zikaguliwe," akaniambia. "Zikifaa, zitengenezwe, apewe mtu asiyekuwa nazo."

Wengi wetu hatujapata kuziona tefilini kwa karibu. Ni vijisanduku viwili vya ngozi nyeusi, vya mraba, vyenye kanda ndefu za ngozi. Mwanamume wa Kiyahudi, tangu anapotimu miaka 13, hukifunga kimoja katika mkono wake, aghalabu wa kushoto, kielekee moyo, ukanda ukazunguka kigasha mara saba. Cha pili hukiweka juu ya paji la uso, mwanzoni mwa nywele. Huvivaa katika sala ya asubuhi ya siku za kazi, si siku ya Sabato. Ndani yake mna ngozi laini zilizoandikwa kwa mkono vifungu vinne vya Taurati, viwili vya kitabu cha Kutoka na viwili vya Kumbukumbu la Torati. Kijisanduku cha mkono kina kipande kimoja chenye vifungu vyote vinne. Cha kichwani kina vyumba vinne, na kila chumba kina kipande chake.

Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iliyoenea kwetu imeviita vitu hivi hirizi, katika Injili ya Mathayo. Nawaheshimu wafasiri, lakini hapa neno limewaponyoka. Hirizi kwetu ni kitu cha kumkinga mtoto na jicho baya au mgonjwa na mashetani. Huning'inizwa shingoni na kusahauliwa. Tefilini huvaliwa kwa ibada, kwa wakati wake, kisha huvuliwa, na jina lake lenyewe linafungamana na neno la Kiebrania lenye maana ya sala. Tofauti hii si ndogo. Hirizi hufanya kazi, kwa anayeiamini, hata ikikaa kimya. Tefilini iliyokaa kimya haifanyi kazi yoyote.

Tulifika Salford kabla ya adhuhuri. Mwandishi tuliyemwendea, yaani mtu aliyesomea uandishi wa maandiko yao matakatifu, alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ndevu nyekundu, meza yake ina taa kali, kioo cha kukuzia na vijisu vidogo kama vya daktari. Alinikaribisha kiti bila kuniuliza dini yangu. Kwanza alipima vijisanduku, kwani sharti viwe mraba kamili. Pembe zikiliwa au ngozi ikipinda, kazi ipo. Kisha akazitazama kanda. Upande wa nje lazima uwe mweusi, na za yule marehemu zilikuwa zimepauka hata zikawa rangi ya kahawia pale kifundo kinapokaa. Hilo, akasema, ni dogo. Kanda hupakwa wino upya au hubadilishwa. Baadaye akakata nyuzi za mshono, ambazo hutengenezwa kwa mishipa ya mnyama aliye halali kwao, akavitoa vile vipande vya ngozi vilivyoviringishwa na kufungwa kwa unywele wa mkia wa ndama.

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipokaa kitako. Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote ya kazi. Nimehakiki majalada ya watu, nimetafuta saini iliyokosekana katika ukurasa wa nane, na nilidhani najua maana ya kuhakiki. Tefilini zote mbili zina herufi 3,188, na yule kijana alizipitia zote. Alianza kwa jicho, halafu akavipiga picha vipande na kuviingiza katika kompyuta yenye programu ya kulinganisha herufi moja moja, halafu akarudi tena kwa jicho, kwa sababu, alisema, mashine huona neno lililorukwa lakini haijui kuamua kama herufi iliyopasuka bado ni herufi. Ikikosekana herufi moja tu, au mbili zikigusana, kipande hakifai.

Na haifai kukirekebisha hivi hivi. Mwenye kuandika tefilini analazimika kuziandika herufi kwa mpangilio wake, tangu ya kwanza hata ya mwisho. Hawezi kurudi nyuma kujaza iliyosahauliwa. Herufi iliyopauka ambayo umbo lake lingalipo anaweza kuitia nguvu. Iliyopoteza umbo imekwisha, na kipande kizima kimekwisha pamoja nayo. Katika vile vinne vya kichwani vyote vilisalimika. Kile cha mkono, mstari wa karibu na mwisho, wino ulikuwa umebanduka na herufi mbili hazikusomeka. Mwandishi aliuliza zilikuwa zimewekwa wapi. Jirani yangu akajibu: katika droo, juu kidogo ya bomba la kupashia nyumba joto. Kijana hakusema neno, akaandika kitu katika daftari lake.

Nilimwona mzee anavyoinama. Zile tefilini zilivuka mipaka ya Ulaya mfukoni mwa mkimbizi zikasalimika, zikaja kuharibiwa na joto la nyumba ya amani. Walio katika sheria yao wanajua kwamba tefilini zinazovaliwa kila siku hudhaniwa kuwa nzima, bali zile zinazovaliwa kwa nadra hutakiwa kukaguliwa mara mbili katika miaka saba, kwani zisizoguswa huingia ukungu na kuharibika bila mtu kujua. Sisi hufikiri kinyume: kitu kisichoguswa ndicho kilichotunzwa.

Jirani yangu alilipa kipande kipya cha mkono, na kanda mpya, na mshono mpya. Gharama yake sikuiuliza, lakini naelewa kwamba jozi nzima mpya, ikiwa ya uandishi halali, huuzwa kwa mamia ya pauni, na nzuri zaidi hupita hapo. Kwa nyumba yenye wavulana wanne na mshahara mmoja, hiyo ni mizigo minne. Ndiyo maana katika jamii zao wapo wanaokusanya tefilini za marehemu, wakazikagua, wakazitengeneza na kuzitoa. Wanaozihitaji ni wengi: kijana aliyefikia 13 katika nyumba isiyo na uwezo, mtu aliyerudi katika dini uzeeni, mfungwa, mgeni aliyefika bila kitu. Hata katika Afrika ya Mashariki wamo. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, watu waliofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipojitahiri mwaka 1919 pamoja na wafuasi wake, wakasali kwa Kiganda na Kiebrania, na wakapigwa marufuku na Idi Amin katika miaka ya 1970. Mtu aliyeshika dini yake milimani namna ile hana duka la tefilini mtaa wa pili.

Na kile kipande kilichoharibika? Hakikutupwa. Kilitiwa katika sanduku la pembeni, pamoja na vyengine vya aina yake, vikingoje kuzikwa makaburini. Akiba hiyo wanaiita geniza, na sikio la Mswahili halikosi kusikia humo mwangwi wa jeneza. Geniza mashuhuri kuliko zote ilikuwa katika sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, ambako Solomon Schechter alichukua karibu vipande 193,000 akavipeleka Cambridge, katika miaka ya 1896 na 1897. Humo mlikutwa, mbali na maandiko ya dini, barua za wafanyabiashara wa karne ya 12 waliosafiri baina ya Misri, Aden na pwani ya Malabar, bahari yetu hii hii na pepo zetu hizi hizi za msimu. Lau zingechomwa, tungejua machache sana juu ya maisha ya wafanyabiashara wa kawaida wa zama zile.

Sasa nirudi kwetu.

Niliporudi nyumbani siku ile nilifungua kabati la juu la ukumbini. Nilijua mna misahafu, sikujua ni mingapi. Ilikuwa tisa. Miwili ni ile ya kijani ya chapa ya Madina, tuliyopewa mahujaji. Mmoja ni wa marehemu mama yangu mkwe. Ipo nakala ya tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969, jalada limeng'oka, na bila shaka nyingi katika nyumba zenu ziko hali hiyo hiyo. Minne sikuweza kukumbuka ilifikaje. Wa tisa, uliofungwa katika kitambaa cha melimeli, ni wa marehemu baba yangu: chapa ya mawe ya Bombay, kama misahafu mingi iliyokuwa pwani yetu zama za majahazi, herufi nene na alama zake za Kihindi. Alitoka nao Unguja mwaka 1964 pamoja na watoto watatu na sanduku moja, mimi nikiwa mdogo wa kubebwa. Kitambaa kile hakijafunguliwa tangu tulipomzika.

Rai yangu ni hii, na najua itawaudhi baadhi yenu. Sisi wana wa watu waliohama tumegeuza vyombo vya ibada vya wazee wetu kuwa hirizi. Tumevifunga, tumevipandisha juu, tunasema vinatia baraka nyumbani. Msahafu haukuandikwa ukae juu ya kabati. Aliyeununua Bombay au Unguja kwa fedha ya karafuu aliununua usomwe, na kila mwaka unaopita bila kusomwa ni deni juu yetu, si sifa yetu. Wazee wetu walilijua hili. Wangapi kati yao waliandika katika ukurasa wa mwanzo neno waqfu, kitabu kisiuzwe wala kisirithiwe, kikakaa msikitini kwa kila anayetaka? Madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yetu yanaruhusu vitu vya kuchukulika kuwekwa waqfu, wala si nyumba na mashamba peke yake. Na hata kwa Wahanafi, Imamu Muhammad al-Shaybani aliruhusu pale ambapo watu wana desturi hiyo, vitabu vikiwa miongoni mwake.

Lakini sisemi mfunge maboksi kesho. Hapo ndipo nilipojifunza Salford kuliko popote. Miaka kadhaa nyuma msikiti mmoja wa huku, sitautaja, ulikusanya misahafu ukaipeleka Pemba kwa kontena. Mimi nilikuwa katika walioandika orodha. Tuliandika idadi, hatukufungua hata mmoja. Maalim wa chuo kimoja cha kijijini aliniandikia baadaye, kwa adabu iliyoniaibisha zaidi ya tusi, kwamba katika ile aliyopokea, mingine haina juzuu za mwisho, na juzuu za mwisho ndizo anazoanzia mtoto. Mingine ilikuwa imeingia maji ikagandana. Aliniuliza tu aizike wapi. Tulimpelekea yule bwana kazi ya maziko tukaiita sadaka. Surat al-Baqara imetuonya wazi tusikusudie kutoa kilicho kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho, nasi tuliyasoma maneno hayo katika misahafu ile ile.

Yule kijana wa Salford asingekubali. Kwake yeye, umaskini wa mpokeaji haulegezi sharti hata kwa herufi moja. Ndiyo maana naona kukagua ni nusu ya kutoa, na pengine ndiyo nusu kubwa. Fungueni msahafu, hesabuni kurasa, tazameni mshono wa mgongo. Uliokatika mshono na kurasa zake zimetimia hushoneka. Wapo wajalidi katika mji huu wanaofanya kazi hiyo, na gharama yake si ya kutisha. Uliopungua kurasa uzikwe mahali safi, kama walivyofanya waliotutangulia, usipelekwe ng'ambo kwa mtoto wa watu.

Na yaliyoandikwa kwa mkono yana hukumu yake mbali. Hayo msiyatoe kwa haraka, wala msiyafiche. Kule Siyu, katika kisiwa cha Pate, watu wetu walinakili misahafu kwa wino mweusi na mwekundu; Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na asili yake imebaki palepale. Hapa Birmingham tunao mfano ulio karibu zaidi. Katika maktaba ya Chuo Kikuu mna karatasi mbili za ngozi zenye sehemu za sura ya 18 hadi ya 20, ambazo kipimo cha kaboni kilionyesha kuwa mnyama mwenye ngozi hiyo aliishi baina ya mwaka 568 na 645. Zilinunuliwa katika miaka ya 1920 na Alphonse Mingana, padri mzaliwa wa Iraq, kwa fedha ya Edward Cadbury wa chokoleti. Karibu karne nzima zilikuwa zimefungwa pamoja na kurasa za msahafu mwengine, hakuna aliyetambua, mpaka mtafiti mmoja alipoketi akaangalia mwandiko, na habari ikatangazwa Julai 2015. Nilipanga foleni kuzitazama mwaka huo. Zilikuwa mji huu huu muda wote, zikingoja mtu afungue na asome.

Nilipomweleza dada yangu mkubwa, aliyeko Maskati, kwamba nataka kuitengeneza ile tisa na kuitoa, alinyamaza kwenye simu muda mrefu. Kisha akasema, "Hiyo minane fanya utakavyo. Wa baba umeona kurasa za nyuma?" Sikuwa nimeziona. Niliufungua ule melimeli usiku huo. Katika karatasi tupu ya mwisho baba ameandika kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kuzaliwa kwa kila mmoja wetu, siku, saa na mwezi wa Kiislamu. Na kabla ya jina la dada yangu lipo jina la mtoto wa kike ambaye sikupata kumsikia, aliyeishi siku kumi na moja. Dada alijua. Aliambiwa na mama, nami sikuambiwa.

Sasa nakiri kwamba hoja yangu ilitetemeka. Dada yangu anasema huo si msahafu tu, ni daftari la nyumba, na ukitoka ukenda chuoni Unguja nani atajua yule mtoto alikuwapo? Nilimjibu kwa ile ile kanuni ya miswada: tupige picha kurasa zile, tuzinukuu kwa herufi za Kilatini vijana wetu wazisome, kila nyumba ipate nakala, ndipo asili iende ikasomwe. Akanijibu kwamba nakala haina mkono wa baba. Ni kweli haina. Jirani yangu naye alilia alipoziacha zile tefilini mezani, na hazikuwa na jina la mtu yeyote ndani yake.

Hata hivyo nimeshikilia rai yangu, kwa sharti moja ambalo dada amelikubali. Msahafu wa baba utabaki Birmingham ikiwa yupo wa kuusoma humu nyumbani, si wa kuulinda. Mwanangu wa kiume, aliyezaliwa hapa na kusoma hapa, anasema atausoma. Nimemwambia hati ya Bombay itamsumbua kidogo mwanzoni, na kwamba atauchukua kwake, auweke mezani, mbali na bomba la joto. Tumeafikiana hadi mwisho wa Ramadhani ijayo. Mitano katika ile minane imekwisha shonwa na kukaguliwa ukurasa kwa ukurasa, nimeandika orodha kwa mkono wangu, na maalim wa Pemba amenitumia anwani. Miwili ya Madina ilikuwa mizima, nayo imo. Mmoja ulipungua kurasa kumi na nne, nikauzika mwenyewe uani, chini ya ukuta wa jirani, naye akaja kunishikia koleo.